Kikapu kwa Barua: Madina Okot, kikosi kipya cha South Carolina na deni la Aprili 2026

Tangu Aprili, Madina Okot wa Kenya alipotangaza kwamba anaihama Mississippi State na kujiunga na Chuo Kikuu cha South Carolina mjini Columbia, barua zinazofika kwenye safu hii zimekuwa na mada moja. Wengi wanaoandika hawakuwahi kuifuatilia ligi ya wanawake ya vyuo vya Marekani kabla ya hapo. Wengine, hasa wanaoishi huko, wanaijua timu hiyo kuliko mimi na hunisahihisha bila huruma. Toleo hili la Septemba 2025 nimelitenga kwa ajili yao wote, kwa kuwa msimu unaanza mapema Novemba na huu ndio wakati ambao mashabiki hupanga na kupangua kikosi kabla kocha mwenyewe hajapata nafasi ya kufanya hivyo.

Mhariri, mimi ni mzaliwa wa Mumias kama Madina, na furaha niliyo nayo siwezi kuieleza. Hata hivyo, hapa kijiweni kwetu kuna wanaosema kwamba asante ya punda ni mateke, kwa sababu Mississippi State ndio waliomtoa Kenya, naye akawaacha baada ya mwaka mmoja tu. Je, kulikuwa na haja gani ya kuhama? Na huko alikokwenda ataanza, au ataenda kupasha moto benchi? — Shabiki wa Mumias

Ndugu yangu wa Mumias, methali ya wenzako ni kali kupita kosa lenyewe. Mississippi State walimchukua mwaka 2024 akitokea Chuo Kikuu cha Zetech, na katika msimu mmoja aliocheza kwao aliwapa wastani wa zaidi ya pointi 11 na zaidi ya ribaundi 9, yaani mipira inayodakwa baada ya mtupo kukosa, kwa mechi, huku timu ikishinda mechi 22 na kuingia katika mashindano ya taifa. Kwa mchezaji aliyekuwa akiizoea ligi hiyo kwa mara ya kwanza, hayo ni malipo kamili. Walimfungulia mlango, naye akawafanyia kazi; hakuna upande uliobaki ukimdai mwenzake.

Ukitaka kujua kwa nini South Carolina walimhitaji, rudi kwenye fainali ya tarehe 6 Aprili iliyochezwa Tampa, ambayo kwa saa zetu ilianza saa nne usiku na ambayo nina hakika si mimi peke yangu niliyeikesha. UConn, yaani Chuo Kikuu cha Connecticut, walishinda kwa 82 dhidi ya 59. Walikwenda mapumziko wakiongoza kwa pointi 10, tofauti ambayo timu ya kocha Dawn Staley imezoea kuifuta, lakini Sarah Strong wa UConn, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, alikuwa ameligeuza eneo la chini ya kikapu kuwa shamba lake, na hadi filimbi ya mwisho alikuwa amevuna pointi 24 na ribaundi 15. South Carolina walikuwa na wachezaji wepesi, wajasiri na wenye mikono mizuri; hawakuwa na mtu wa kumsogeza binti yule hatua mbili nyuma na kumwambia kwamba hapa pana mwenyewe.

Timu hii imetwaa ubingwa mara tatu, mwaka 2017, 2022 na 2024, na mara zote tatu tuzo ya mchezaji bora wa hatua ya mwisho ilikwenda kwa mchezaji mrefu wa karibu na kikapu: kwanza A'ja Wilson, kisha Aliyah Boston, kisha Kamilla Cardoso, Mbrazili mwenye urefu wa futi 6 na inchi 7. Cardoso alipoondoka mwaka 2024, nafasi yake haikuzibwa kwa mtu wa kimo chake, bali iligawanywa kwa wachezaji watatu au wanne waliokuwa wakipokezana. Okot ana futi 6 na inchi 6, yaani takriban sentimita 198. Nadhani sasa unaona ni pengo gani aliloitwa kuliziba.

Naamini ataanza. Jambo ambalo sina uhakika nalo ni dakika, kwa sababu Staley hupenda kubadilisha wachezaji mara kwa mara na hamwachi mtu uwanjani kwa sababu ya jina lake. Senta, yaani mchezaji mrefu wa chini ya kikapu, anayekusanya madhambi mawili katika robo ya kwanza huiangalia robo ya pili akiwa amejifunga taulo. Ninawaomba wenzako wa kijiweni wasimpime kwa pointi. Mtupo unapoachwa mkononi, msiufuate mpira kwa macho, mtazameni yeye. Senta mzuri wakati huo hata hauangalii mpira, bali humtafuta mpinzani wake kwa kiwiko na nyonga, humgeuzia mgongo, hupanua miguu, hukaa chini kidogo kama mtu anayetaka kuketi kwenye kigoda, na ndipo hunyanyua macho juu. Akilifanya hilo vizuri, mara nyingine ribaundi huchukuliwa na mwenzake na jina lake haliandikwi popote, ingawa kazi ni yake. Ni kazi hiyo ndiyo iliyokosekana Tampa.

Mwandishi, salamu kutoka Columbia, ambako nimeishi kwa miaka kumi na miwili nikifanya kazi ya uuguzi. Tumempokea Madina kwa mikono miwili, lakini wewe na wenzako mnaandika kana kwamba hakuna aliyeondoka. MiLaysia Fulwiley ni binti wa mji huu huu, tulimwona akikua, na sasa amekwenda LSU, Chuo Kikuu cha Louisiana State, mahasimu wetu. Niambie kama Ta'Niya Latson anaweza kuliziba pengo hilo, au tumebadilisha dhahabu kwa fedha. — Mkenya wa Columbia

Dada yangu, lawama nimeipokea. Fulwiley alisoma sekondari hapo hapo mjini, na mtoto wa nyumbani anapovaa jezi ya jirani, maumivu yake hayapimwi kwa takwimu. Tukubali, hata hivyo, kilichoonekana na kila mtu: alikuwa na kipaji cha kumwinua mtu kwenye kiti, alipata tuzo ya mchezaji bora anayeingia kutokea benchi katika SEC, ligi ya vyuo vya kusini ambamo South Carolina hucheza, na bado alikuwa akicheza chini ya dakika 20 kwa mechi. Kijana mwenye uwezo kama ule akiambiwa mwaka wa pili mfululizo kwamba asubiri zamu yake, na mlango uko wazi, ataondoka. Simlaumu yeye, na kwa hakika simlaumu Staley, ambaye hujenga timu juu ya ulinzi na ambaye hamsamehe mtu pasi ya ovyo hata ikiwa imepigwa kwa ustadi wa kushangaza.

Latson ni mchezaji wa namna nyingine. Msimu uliopita, akiwa Florida State, aliongoza taifa zima kwa ufungaji kwa wastani wa pointi 25.2 kwa mechi. Weka takwimu hiyo kando ya hii: mfungaji bora wa South Carolina msimu huo huo, Joyce Edwards, alikuwa na wastani wa pointi 12.7. Si kwamba Edwards ni dhaifu. Ni kwamba kwa Staley mpira hupita mikononi mwa wengi, na hakuna anayeruhusiwa kurusha mara ishirini kwa usiku. Hapo ndipo penye fumbo la kikosi hiki. Latson amekuja akijua kwamba pointi zake zitapungua, na kwamba atatakiwa kumkaba mpinzani kwa mita 28 za uwanja mzima, jambo ambalo Florida State hawakumdai kwa kiwango hicho kwa sababu walihitaji nguvu zake upande wa pili.

Kinachonipa matumaini ni Raven Johnson. Yeye na Latson walicheza pamoja katika sekondari ya Westlake mjini Atlanta, na mwongoza mchezo anayejua tangu utotoni mwenzake anapenda kuupokea mpira kwa mkono upi na hatua ya ngapi ni jambo ambalo makocha wengine hulitafuta kwa miaka miwili. Johnson mwenyewe angeweza kuondoka mwaka huu, akaamua kurudi. Kwa maoni yangu kurudi kwake kuna uzito kuliko usajili wowote uliofanyika msimu huu wa mapumziko, wa Okot ukiwamo, na najua Mumias hawatanisamehe kwa kusema hivyo.

Kuhusu LSU, ninakukumbusha tu kwamba South Carolina hawajafungwa nao tangu mwaka 2012. Siku Fulwiley atakaposimama mbele ya wenzake wa zamani, nitaomba tikiti kwako.

Shikamoo, Mwandishi. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili hapa Dar es Salaam na ni shabiki wa Yanga, kwa hiyo usajili ninaujua. Nisichoelewa ni huu uhamisho wa vyuo: klabu inayoachwa inalipwa nini? Kuna mkataba? Na mchezaji anaweza kuhama mara ngapi? — Mwanafunzi wa Mlimani

Marahaba, mwanangu. Klabu inayoachwa hailipwi chochote, na hilo ndilo linalowashangaza wote waliokulia kwenye habari za Simba na Yanga. Hakuna ada ya uhamisho kati ya chuo na chuo, hakuna mkopo wa miezi sita, na hakuna rais wa klabu anayepigwa picha uwanja wa ndege akiwa ameshika skafu.

Utaratibu wenyewe ulianza Oktoba 2018, chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kilipofungua orodha ya kielektroniki ambamo mchezaji huandikisha jina lake, na tangu hapo kocha yeyote anaruhusiwa kumpigia simu. Zamani aliyehama alilazimika kukaa msimu mzima bila kucheza, na adhabu hiyo iliwafanya wengi wavumilie hata pale walipokuwa hawana raha. Mwaka 2021 mchezaji aliruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje. Aprili 2024 hata kikomo hicho kiliondolewa, na sasa anayefaulu masomo yake anaweza kuhama kila mwaka akipenda. Dirisha la mwaka huu lilifunguliwa mwishoni mwa Machi, mashindano ya taifa yakiwa bado yanaendelea, likakaa wazi kwa siku 30, na wanawake zaidi ya 1,000 wa daraja la kwanza waliandikisha majina yao.

Hebu fikiria maana yake kwa kocha. Anajiandaa kwa robo fainali, na usiku huo huo simu yake inamletea orodha ya majina mapya kila baada ya saa moja, huku akijua kwamba mmoja wa vijana walioketi naye kwenye basi anaweza kuwa anasubiri kesho kuandikisha lake. Ukiniuliza mimi, dirisha hilo lilipaswa kufunguliwa baada ya fainali, si hata siku moja kabla yake.

Mwandishi, binti yangu ana miaka kumi na sita, ana urefu wa kutosha na anacheza katika timu ya shule hapa Nairobi. Tunasikia kwamba siku hizi wachezaji wa vyuo vya Marekani wanalipwa mamilioni. Je, Madina analipwa? Na mimi kama mzazi nianze kujiandaa vipi? — Mama wa binti mmoja, Nairobi

Mama, swali lako ni zito kuliko yote niliyopokea, na nitalijibu polepole kwa sababu lina mitego.

Ni kweli kwamba fedha zimeingia. Tangu Julai 2021 wanamichezo wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa na kampuni kwa matumizi ya jina na sura zao, na tarehe 6 Juni mwaka huu Jaji Claudia Wilken aliidhinisha makubaliano ya kesi inayojulikana kwa jina la House, ambayo yanaviruhusu vyuo vyenyewe kuwalipa wanamichezo wao moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Kiasi hicho ni cha michezo yote ya chuo kwa pamoja, na katika vyuo vikubwa vya kusini sehemu kubwa huenda kwenye futiboli ya Kimarekani. Kikapu cha wanawake hupata kinachobaki baada ya wakubwa kula.

Mtego wa kwanza ni viza. Mwanafunzi wa kigeni huingia Marekani kwa viza ya F-1, na viza hiyo haimruhusu kufanya kazi huko kama apendavyo. Mmarekani aliyeketi kando yake kwenye benchi anaweza kupiga picha ya tangazo la viatu mchana na kulipwa jioni. Mkenya akifanya hivyo, anaweza kuhatarisha ukaaji wake. Wengine wametafuta njia halali ya kuzunguka. Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi, alipokuwa akiichezea Kentucky, alifanya kazi za matangazo mwaka 2022 timu ilipokuwa ziarani Bahamas, kwa kuwa huko hakuwa ndani ya ardhi ya Marekani. Ni werevu, lakini si mpango ambao familia inaweza kuutegemea. Kwa hiyo unaposoma kwamba fulani amelipwa kiasi fulani, uliza kwanza ana pasipoti ya nchi gani. Uhakika alionao binti wa Kiafrika aliyepata ufadhili kamili ni masomo, malazi, chakula, vitabu na matibabu ya kimichezo, na katika nchi ambayo mwaka mmoja wa chuo hugharimu makumi ya maelfu ya dola, hilo nalo si haba.

Mtego wa pili hauzungumzwi sana, na ndio unaonifanya nikuandikie kwa urefu. Kwa kanuni za NCAA, mchezaji ana misimu minne ya kucheza ndani ya miaka mitano, na saa hiyo huanza kugonga siku anapojiandikisha kuwa mwanafunzi wa kudumu katika chuo chochote, hata kama chuo chenyewe kiko Nairobi, Thika au Kampala. Mwaka ambao binti anausoma hapa nyumbani akiwa anasubiri barua ya ng'ambo unahesabiwa. Ndiyo sababu Okot, ambaye macho ya Marekani yamemwona kwa msimu mmoja tu, anaanza msimu huu akiwa katika kundi la wanaomaliza. Simaanishi kwamba vyuo vyetu havifai. Zetech ndiyo iliyomfikisha alipofika. Ninachosema ni kwamba binti yako anapokaribia kidato cha mwisho, kaeni na mwalimu wake wa michezo na mlijadili jambo hili kabla ya kulipa karo ya muhula wa kwanza mahali popote, na msimsikilize wakala yeyote anayetaka alipwe kwanza ndipo aonyeshe barua ya chuo.

Kwa ufupi tu: je, Staley atabaki? Tulisoma kwamba New York Knicks walimwita. — Msomaji wa Muscat

Knicks, timu ya NBA, ligi ya kulipwa ya wanaume, walimfanyia usaili, ndiyo, walipokuwa wakitafuta kocha mkuu majira haya ya joto, na hatimaye wakamchukua Mike Brown. Staley mwenyewe alikiri baadaye kwamba angepewa kazi hiyo angeikubali, kwa sababu ya maana yake kwa wanawake wote wanaofundisha mchezo huu. Mkataba wake na South Carolina, alioutia saini Januari kwa takriban dola milioni 4 kwa mwaka, unafika msimu wa 2029-30, na mwishoni mwa Aprili mji wa Columbia ulimzindulia sanamu. Ninaamini kwamba hakuna chuo kingine kitakachomtoa hapo. Timu ya wanaume ya NBA ndiyo pekee inayoweza, na timu za namna hiyo zenye ujasiri wa kumwita mwanamke bado zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Ndugu Mwandishi, mimi ni mwalimu wa michezo katika Kaunti ya Kwale, ambako shule kama Kaya Tiwi zimewazoesha watu kuona wasichana wakicheza kikapu cha kweli. Ninapoisoma orodha ya South Carolina naona majina makubwa, lakini naona pia kwamba wengi wako mwaka wa mwisho. Hii ni timu, au ni karamu ya siku moja? Mwaka 2026-27 watakuwa na nani? — Mwalimu wa Kwale

Mwalimu, umeweka kidole penye kidonda, na mashabiki wengi wa timu hii wanakwepa kupagusa.

Tuwahesabu. Katika fainali ya Aprili walikuwapo Te-Hina Paopao, Bree Hall na Sania Feagin, ambao wote walichaguliwa katika raundi ya pili ya usajili wa WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake: Paopao na Atlanta, Hall na Indiana, Feagin na Los Angeles. Fulwiley amekwenda LSU. Ashlyn Watkins, aliyeumia kano ya goti Januari katika mechi dhidi ya Mississippi State, timu ile ile ambayo Okot alikuwa akiichezea, ametangaza kwamba hatacheza msimu huu wote na anatarajia kurudi katika msimu wa 2026-27. Waliobaki na walioongezwa wanafika 11. Kanuni mpya zinaruhusu kikosi cha watu 15, kwa hiyo Staley ameacha viti vinne bila watu, na sidhani kwamba alikosa wa kuwajaza. Amechagua wachache ambao wote watapata dakika, akijua yaliyomkuta kwa Fulwiley.

Uchaguzi huo una hatari yake. Katika 11 hao, warefu wa chini ya kikapu ni Okot, Edwards, Chloe Kitts, Maryam Dauda na Adhel Tac. Wawili kati yao ndio waliozoea kubeba mzigo mkubwa katika timu hii, yaani Edwards na Kitts, na Okot ni mgeni. Goti moja likiteguka Desemba, mpango wote unaandikwa upya. Mimi ningeongeza mchezaji mmoja mrefu, hata wa kukaa tu, kwa sababu mazoezini nako kunahitaji mtu wa kumsukuma senta wako kila siku. Wewe unayefundisha unajua kwamba binti mrefu asiye na mrefu mwenzake wa kushindana naye hujifunza uvivu bila kujua.

Sasa niende kwenye mwaka unaofuata. Raven Johnson, Latson, Okot, Kitts na Dauda wote wako katika mwaka wao wa mwisho. Hao ni watano kati ya 11, na wanne wao wana nafasi kubwa ya kuwa kikosi cha kwanza. Aprili 2026 deni hilo litaiva kwa siku moja. Watakaobaki, kama hakuna atakayehama, ni Edwards, aliyezaliwa Camden karibu na hapo na ambaye kwa macho yangu ndiye timu ya kesho yenyewe, Tessa Johnson, mrushaji wa pointi tatu asiyetetemeka, Maddy McDaniel, ambaye amekuwa akisubiri usukani nyuma ya Raven, Tac, na wanafunzi wawili wapya, Agot Makeer kutoka Kanada na Ayla McDowell kutoka Texas. Ukimwongeza Watkins akiwa mzima, unapata msingi unaosimama, ila hauna senta wa kimo cha Okot wala mfungaji wa aina ya Latson. Staley atalazimika kurudi sokoni tena, na soko hilo humpendelea kwa sababu kwa wastani watu zaidi ya 16,000 huketi uwanjani katika mechi ya nyumbani. Binti anayetazama mashabiki wake 2,000 hahitaji kushawishiwa sana.

Kuna jambo la nje ya chuo linaloweza kubadilisha hesabu hizi. Mwaka huu mchezaji aliyechaguliwa wa kwanza katika WNBA, Paige Bueckers, analipwa mshahara wa dola 78,831, kiasi ambacho baadhi ya wanafunzi nyota hukipita wakiwa bado vyuoni. Mkataba wa wachezaji na ligi hiyo unakwisha mwishoni mwa Oktoba, na wachezaji wanadai sehemu kubwa zaidi ya mapato. Timu za Toronto na Portland nazo zinaingia mwaka 2026, na zitahitaji wachezaji. Mishahara ikipanda, hakutakuwa na anayebembeleza mwaka wa ziada wa chuo. Kwa Okot, ambaye viza yake inamnyima matangazo, ligi ya kulipwa ndiyo itakuwa mara ya kwanza kipaji chake kumlipa sawasawa na wenzake.

Umeuliza kama ni timu au karamu. Ni karamu, Mwalimu, na mwenyeji anajua hivyo. Mwaka 2022 Cardoso, aliyehamia kutoka Syracuse, alikaa nyuma ya Boston akijifunza, na timu ilivuna matunda yake miaka miwili baadaye. Okot hana miaka miwili. Alichopewa ni Novemba hadi Aprili, dhidi ya Lauren Betts wa UCLA mwenye futi 6 na inchi 7, dhidi ya Madison Booker wa Texas, na huenda dhidi ya Sarah Strong tena, ambaye sasa ana mwaka mmoja zaidi wa maarifa na amesajiliwa msaidizi wa kumpunguzia kazi, Serah Williams kutoka Wisconsin. Vijana wako wakiuliza kwa nini unawakazania kutumia mguu wa pili wa kugeukia, waonyeshe mechi hizo.

Nitaziona saa ngapi? — Mlinzi wa usiku, Mombasa

Bwana mlinzi, wewe una bahati kuliko sisi wote. Mechi za Alhamisi jioni huanza kwa kawaida saa moja usiku kwa saa za Columbia, ambayo kuanzia Novemba hadi mapema Machi ni saa tisa usiku ya kuamkia Ijumaa kwako. Za Jumapili huchezwa mchana wao, kwa hiyo utazipata kati ya saa tatu na saa tano usiku, kabla hujapiga mzunguko wa kwanza. Fainali za msimu huu zitachezwa Phoenix mwezi Aprili 2026, na Phoenix iko nyuma yetu kwa saa 10. Zamu ya usiku huo ombeni mapema.